Oili ya difu za Forester: usimwage isiyo yake

Subaru Forester yangu ni ya mwaka 2003, otomatiki, na haijawahi kupewa kazi ya kistaarabu. Nina duka la dawa za mifugo na pembejeo hapa Uyole, Mbeya, kwa hiyo mara mbili kwa wiki iko Isyonje, siku nyingine inapanda mpaka Kitulo na magunia nyuma, na masika inatambaa kwenye tope la Mwakaleli ambalo hata bodaboda wanalisalimia kwanza. Gari ya namna hii inavuta kwa magurudumu yote manne. Ina difu ya mbele na difu ya nyuma, yaani masanduku ya meno yanayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya kushoto na kulia, kila moja na oili yake, na wengi wetu hatuigusi oili hiyo tangu gari iteremke bandarini.

Kuifanya mwenyewe nilianza kwa hasira. Nilipeleka gari gereji moja mjini, nikaomba wabadilishe oili ya difu zote mbili, nikakaa kwenye benchi na chai yangu. Kijana akaingia uvunguni, akafungua, beseni likajaa. Nikachungulia, nikaona oili yenye wekundu, kama sharubati ya rozela iliyochacha.

"Mwanangu, hiyo ndiyo ya difu?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

Sikujua, nikanyamaza. Akafunga, akamimina oili mpya kwenye tundu la difu ya mbele, nikalipa. Kufika eneo la Mama John injini inanguruma, mshale unapanda, gari haisogei. Alikuwa amemwaga oili ya gia boksi. Difu ya mbele nayo ilikuwa na oili yake ya zamani, na mpya imeongezwa juu yake mpaka shingoni. Kilichoniokoa ni kwamba nilizima palepale, nikasogezwa kando, nikaagiza lita nne za ATF, ile oili ya gia boksi ya otomatiki, zikaja na bodaboda.

Kwa hiyo somo linaanzia uvunguni, kabla hujashika spana. Lala, washa tochi, tazama kuanzia mbele kwenda nyuma. Cha kwanza ni karai la oili ya injini, na nati yake ya kumwagia ni ya spana ya 17. Kinachofuata ni chuma cha aluminiamu kilichomiminwa, kinene, kina mbavumbavu. Hiyo ndiyo difu ya mbele, imekaa ndani ya umbo moja na gia boksi. Nati yake ni kubwa kuliko za jirani. Kuna za kichwa cha 21, na kuna za tundu la nyota linalotaka biti ya T70, kwa hiyo tazama yako kabla ya kwenda dukani. Nyuma yake ndipo kuna karai la bati lenye bolti ndogo kuzunguka ukingo wote, nati yake tena ni ya 17. Hilo ni la gia boksi. Ndilo alilofungua yule kijana, kwa sababu linafanana mno na karai la injini. Liache.

Huku juu kwenye boneti kuna mtego wa pili. Vijiti vya kupimia ni viwili zaidi ya kile cha injini. Cha kulia, upande wa dereva, ni cha difu ya mbele. Cha kushoto ni cha gia boksi. Mimi nimefunga uzi mwekundu kwenye hicho cha kushoto, ili hata akiingia mtu mwingine nisihitaji kuhubiri. Kama Forester yako ni ya gia za mkono, mambo ni mepesi: gia boksi na difu ya mbele vinatumia oili moja, lita 3.5 hivi, na kijiti ni kimoja.

Oili ya kununua iandikwe GL-5, hilo ni daraja la oili ya gia. Mimi natumia ya uzito wa 75W-90, kwa sababu Juni na Julai huku asubuhi kuna sakitu, na oili nzito wakati huo ni kama uji uliolala. Difu ya nyuma inakula lita 0.8 na ya mbele lita 1.2, ukinunua lita mbili hakuna kinachobaki hata cha kupaka bawaba. Ya kupimiwa kwenye pipa sinunui. Siijui imechanganywa na nini, na muuzaji naye hajui.

Zungusha gari robo saa kwanza ili oili ipate moto ilegee, kisha egesha mahali tambarare. Utambarare hapa si urembo: oili ya difu ya nyuma inapimwa kwa usawa wa tundu lenyewe, kwa hiyo gari ikiinama, kipimo kinadanganya. Mimi napandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene za paini, naweka mawe mbele na nyuma ya matairi, navuta breki ya mkono. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki tupu. Mbele, chunga ekzosi. Inapita jirani kabisa na ile nati, na alama niliyo nayo kwenye kiwiko hiki cha kulia haikutoka jikoni.

Naanza na difu ya nyuma, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu. Mgongoni ina nati mbili zenye tundu la mraba, ya juu ya kujazia, ya chini ya kumwagia. Mpini wa soketi wa nusu inchi unaingia moja kwa moja, bila soketi. Ila tope la Isyonje likikauka humo ndani linakuwa saruji. Chokoa kwa msumari, piga brashi ya waya, futa, chokoa tena mpaka uone chuma cheupe kwenye kona zote nne. Mpini usipozama wote utakula zile kona, na hapo kazi ya nusu saa inageuka ya kuchomelea. Ikigoma, puliza dawa ya kutu, kanywe chai, rudi uigonge kidogo kwa nyundo, kisha chomeka bomba refu kwenye mpini na uvute taratibu bila kushtua.

Fungua ya juu kwanza. Siku zote ya juu. Ukimwaga oili yote halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, una gari isiyoweza hata kujipeleka gereji.

Ya juu ikikubali, weka beseni, fungua ya chini. Harufu ya oili ya difu ni kama kiberiti kilichooza, usishangae. Sugua tone kati ya vidole. Nyeusi tu ni uzee. Unga laini wa kijivu, hasa kama nati yako ina sumaku, ni kawaida ya meno ya gia kusagana. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida, mwite fundi wa difu. Na ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mimi iliwahi kutoka hivyo baada ya safari ya Kyela wakati wa mafuriko. Difu ina moto, inazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kijibomba cha kupumulia na kwenye sili. Tangu siku hiyo, maji yakifika usawa wa difu nabadilisha wiki hiyohiyo. Safari za kawaida, kila kilomita 40,000.

Ikishachuruzika yote, safisha nyuzi za nati, paka gundi ya gasketi kidogo, kaza ya chini. Kujaza ndiko watu wanakosumbuka, maana chupa haiingii kule. Mimi natumia sindano ya kunyweshea ng'ombe dawa ya minyoo, ya mililita 50, mpya kabisa, nimeiunga na kipande cha mpira wa levo wa waashi. Chupa ya oili naitumbukiza kwenye sufuria ya maji moto kwanza. Ni mara 16 hivi, halafu oili inaanza kulenga machozi kwenye ukingo wa tundu. Hapo imejaa, funga.

Mbele ni haraka zaidi. Mwaga, weka wosha mpya kwenye nati, kaza kwa nguvu ya kiasi kwa sababu hiyo ni aluminiamu, kisha mimina kupitia tundu la kijiti cha kulia kwa faneli yenye mpira mwembamba. Tia lita moja, subiri dakika kumi ishuke, futa kijiti, pima, ongeza kidogokidogo mpaka kati ya alama mbili. Ukizidisha inatoa povu na kutafuta njia kwenye sili.

Usiku natandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Asubuhi likiwa kavu naenda mpaka Igawilo na kurudi, nalala tena uvunguni na tochi, napitisha kidole kwenye kila nati. Oili chafu inakaa kwenye dumu nyuma ya banda, na haikai sana: jirani yangu mzee anaijua siku yake, anakuja na kopo kuichukua apake nguzo za ua wake, mchwa wasizile.