Gego la Utoto Lina Kazi Hadi Miaka 10: Namna ya Kulitunza

Magego ya mwisho ya utoto huota mtoto akikaribia miaka miwili na nusu, na yanatakiwa kukaa mdomoni hadi afikishe miaka 10 au 12. Kwa hiyo mzazi anayesema "liache, litang'oka lenyewe" wakati gego limetoboka mtoto akiwa na miaka 4, anamwachia mwanawe miaka sita au zaidi ya maumivu. Mtoto wa namna hiyo hutafunia upande mmoja, hukataa makande, huamka usiku akilia, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki unaweza kusimama. Gego likitolewa mapema, meno jirani huegemea pengo, na jino la ukubwani likija linakosa njia na kuota upogo. Usaha ukikaa mzizini muda mrefu unaweza pia kuharibu jino linaloumbika chini yake.

Anza siku jino la kwanza linapotokeza, kwa kawaida miezi 6 hadi 10, ingawa wapo wanaochelewa hadi mwaka na si ugonjwa. Tumia mswaki mdogo wenye nywele laini na dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha meno. Kwenye boksi tafuta namba 1000 au zaidi mbele ya herufi ppm, yaani kipimo cha floridi iliyomo. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, basi. Mtu mzima ndiye aweke dawa. Kumeza nyingi kila siku huacha madoa kwenye meno ya ukubwani, kama yale ya wakazi wengi wa Arusha na Kilimanjaro ambako maji yenyewe yana floridi nyingi.

Mtoto mchanga mlaze mapajani, kichwa kikielekea tumboni kwako, mahali penye mwanga. Aliyekua asimame akikupa mgongo, kichwa kiegemee kifuani kwako. Inua mdomo wa juu kwa kidole, elekeza nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, kisha zungusha taratibu, jino kwa jino: nje, ndani, halafu sehemu ya kutafunia. Dakika mbili zinatosha. Wanaoswaki kwa haraka huishia meno ya mbele yanayoonekana, na magego ndiyo yanayotoboka. Atakayeweza kutema ateme povu, asisukutue, ili floridi ibaki kwenye meno.

Fanya hivyo asubuhi na usiku, na wa usiku usikose kabisa, kwa kuwa mtoto akilala mate hupungua na meno hukosa kinga yake. Baada ya mswaki huo ni maji tu. Juni na Julai, Makete na Njombe maji huwa baridi kali na mtoto hugoma. Chovya mswaki kwenye maji ya uvuguvugu. Mtu mzima aendelee kumswakisha, au arudie baada yake, hadi miaka 7 au 8, maana kabla ya hapo mkono wa mtoto haufiki magego ya nyuma vizuri.

Kwenye sukari, idadi ya mara inaumiza kuliko kiasi. Kila anapoonja kitu kitamu, vijidudu hutengeneza tindikali inayokaa kwenye meno kama nusu saa. Chai ya maziwa yenye sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima, au chupa ya uji mtamu inayoachwa kitandani, huyaweka meno kwenye tindikali bila kupumzika. Yanayoanza kuoza ni ya mbele ya juu. Ya chini hukingwa na ulimi na mate. Uji wa ulezi upikwe bila sukari, unywewe kwa kikombe mara moja uishe. Kati ya milo mpe parachichi, maziwa matupu au kiazi cha kuchemsha. Asali nayo ni sukari, na mtoto chini ya mwaka asipewe kabisa.

Kila mwezi inua mdomo wa juu na uchungulie. Mstari mweupe uliofifia karibu na fizi ni dalili ya kwanza, na hapo floridi bado inaweza kuliokoa jino. Ukiona kahawia au tundu, nenda kitengo cha kinywa na meno. Usiogope mashine: kuna njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu bila umeme, iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Shavu likivimba na mtoto ana homa, nenda siku hiyo hiyo.

Yale yanayoitwa meno ya plastiki

Mtoto akiharisha au akiwa na homa, wapo wanaomfunua mdomo, wakaona uvimbe mweupe pale chonge zitakapoota, na kusema hayo ndiyo maradhi. Hizo ni chonge zake halali. Kuzichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo, na chonge za ukubwani huharibika. Kuota meno huleta udenda na usumbufu, hakuleti homa kali wala kuharisha. Pima malaria. Anayeharisha mpe maji ya ORS (chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini), pakiti kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, aendelee kunyonya, na zinki kama mhudumu atakavyoelekeza. Bibi au jirani akishauri vingine, mwombe kwa heshima mwongozane kituo cha afya.

Gego la miaka 6

Karibu na miaka 6 gego jipya huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani la utoto. Hilo ni la kudumu. Likiwa bado fupi kuliko jirani yake mswaki hulipita juu, kwa hiyo uingize kwa ubavu, kutokea shavuni, na ulisugue peke yake.