Unataka kulinganisha enzi za X-Men? Mi huwa nafanya hivi

Watu wakianza kubishana enzi ipi ya X-Men, lile kundi la mashujaa wa komiki za Marvel waliozaliwa na nguvu za ajabu (mamutanti), ndo kali kuliko zote, dakika kumi haziishi unakuta kila mtu anatetea ile aliyoanza nayo akiwa mdogo, alafu anaitetea kwa lile toleo moja maarufu ambalo hata asiyesoma komiki kashalisikia. Hapo hamna ulinganisho, kila mtu anasifia utoto wake. Na mimi simo nje ya hilo kundi, nilianza na zile za miaka ya 90, wanaume misuli kama magunia ya viazi na mikanda imejaa vipochi ambavyo hujawahi kuona mtu anatoa kitu ndani, na mpaka leo nikiziona nafurahi. Ila kuna namna ya kufanya hii kazi ukatoka na jibu lenye kichwa na miguu.

Kabla ya yote kata enzi zako vizuri. Usikate kwa miaka kumi kumi, maana X-Men haifuati kalenda, inafuata mikono, yaani nani anaandika na nani anachora. Ya kwanza ni ya Stan Lee na Jack Kirby, toleo namba 1 lina tarehe ya Septemba 1963, wakaja kupokelewa na wengine kama Roy Thomas na mchoraji Neal Adams mpaka namba 66 mwaka 1970. Hapo kuna shimo. Namba 67 mpaka 93 walikuwa wanachapa upya hadithi za zamani tu, kwa hiyo mtu akikwambia anazipenda X-Men za 1972 muulize taratibu anamaanisha nini. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakaleta Giant-Size X-Men namba 1 na timu mpya kabisa, Storm wanamkuta Kenya, Nightcrawler Mjerumani, Colossus Mrusi, Wolverine Mkanada ambaye alikuwa kashatokea kwenye komiki ya Hulk mwaka mmoja nyuma, na kuanzia hapo Chris Claremont akashika kalamu akakaa nayo miaka 16. Kumi na sita! Akaondoka 1991, ikaja enzi ya Jim Lee na waliomfuata. Alafu Grant Morrison 2001 mpaka 2004. Alafu kile kipindi kirefu baada ya hadithi ya House of M ya 2005, mamutanti wamebaki kama mia mbili hivi dunia nzima na kila mtu ana huzuni. Alafu Krakoa, kisiwa ambacho mamutanti wanakifanya taifa lao, enzi iliyoanzishwa na Jonathan Hickman, kuanzia 2019 mpaka 2024. Unaweza kukata vipande vidogo zaidi lakini ukizidisha utachoka kabla hujaanza.

Angalizo dogo hapa, ukiandika daftarini weka mwaka kila mara. X-Men namba 1 iko ya 1963, ya 1991, ya 2010, ya 2013, ya 2019, ya 2021 na ya 2024, wanarudisha hesabu mwanzo kila wakijisikia, na nimeona watu wazima wanabishana nusu siku kumbe kila mmoja anaongelea kitabu tofauti.

Sasa kitu chenyewe ni hiki. Usilinganishe matoleo maarufu. Kila enzi ina siku yake ya harusi, na siku ya harusi kila mtu kapendeza. Ukichukua kifo cha Jean Grey, mmoja wa X-Men wa kwanza, mwisho wa ile hadithi maarufu ya Phoenix kwenye namba 137 ya 1980, ukakiweka na toleo lolote, litaonekana dogo, lakini hilo linakwambia nini kuhusu miaka mingine 15 ya Claremont? Hamna kitu. Tafuta toleo la katikati, lile ambalo hakuna sayari inayolipuka, mashujaa wako nyumbani wanakula au wanagombana. Hapo ndo unaona mwandishi anawajua watu wake au anawajua kwa nguvu zao tu.

Mfano, chukua Uncanny X-Men namba 183 ya mwaka 1984. Colossus kamuacha Kitty Pryde, msichana mdogo wa timu, Wolverine kachukia, anampeleka baa kwenda kumpa somo, na humo baa Colossus anaishia kuzichapa na Juggernaut, adui mwenye nguvu za kutisha, huku wenzake wamekaa wanaangalia makusudi hawamsaidii. Basi, ndo hadithi nzima. Na inakaa kichwani kuliko vita nyingi za anga. Alafu weka pembeni namba 297 ya 1993, vita kubwa imeisha, Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men anayetumia kiti cha magurudumu, kwa muda mfupi anaweza kutembea, na muda wenyewe anautumia kuteleza kwa viatu vya magurudumu na Jubilee, binti kijana wa timu. Toleo hilo ndo lilinifanya nikubali kwamba miaka ya 90 haikuwa kelele tupu kama wanavyosema wasomi wa haya mambo. Kwa Morrison tafuta New X-Men namba 121, ile isiyo na maongezi, Jean na Emma Frost, wote wenye nguvu za kusoma mawazo, wanaingia kichwani kwa Xavier na hakuna anayeongea. Na kwa Krakoa soma X-Men namba 7 ya 2020, ambapo mutanti aliyepoteza nguvu zake anapigana na Apocalypse, mutanti wa kale, hadi auawe, ili afufuliwe akiwa nazo (Krakoa wana njia ya kufufua wafu). Wanaangalia, wanashangilia, na Cyclops, kiongozi wa timu, na Nightcrawler wanajiuliza kama hii ni sawa. Nilisoma mara mbili siku hiyo hiyo maana ya kwanza sikuamini walichofanya.

Za miaka ya 60 hapa zinapata shida kidogo, nisiwe mnafiki. Kuna zile za vijana kwenda mgahawani Greenwich Village kunywa kahawa na kusikiliza mshairi wa ajabu ajabu, zinachekesha, ila nyingi ni adui mpya kaja, tumempiga, kwaheri. Usizitupe lakini, subiri kidogo.

Hatua inayofuata, chagua mhusika mmoja umfuate enzi zote. Usichague Wolverine, Wolverine kila mtu anamuandika vizuri, na pia hayupo miaka ya 60. Chagua Magneto, adui mkuu wa X-Men mwenye nguvu za sumaku. Yaani Magneto ndo kipimo changu cha kila kitu, ukimuona anavyoandikwa unajua enzi nzima inaamini nini.

Namba 1 ya 1963 anavamia kambi ya jeshi ya kurushia makombora, anataka kutawala dunia, mwisho wa habari. Namba 4 anateka nchi ndogo na anatega bomu la nyuklia liwaue watu wote wa pale baada ya yeye kuondoka. Hana sababu wala historia. Watu hupenda kusema tangu siku ya kwanza Xavier alikuwa Martin Luther King na Magneto alikuwa Malcolm X (viongozi wawili wa Wamarekani weusi, wa kwanza wa njia ya amani, wa pili wa msimamo mkali zaidi), sasa fungua hayo matoleo uyasome mwenyewe, huyo Malcolm X humuoni popote, ile maana imekuja kupakwa baadaye na wasomaji na waandishi waliofuata. Na aliyeweka msingi wa kuipaka ni Claremont. Kwenye namba 150 ya 1981 Magneto anakaribia kumuua Kitty, anaangalia vizuri anaona ni mtoto, anavunjika pale pale, na tunajua kwamba yeye mwenyewe alikulia Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi. Kuanzia hapo huwezi tena kumsoma kama zamani. Namba 200 ya 1985 anasimama mahakamani Paris, na Xavier anamwachia shule. Adui namba moja ndo mwalimu mkuu!

Alafu angalia 1991. Jim Lee anachora, picha tamu balaa, na Magneto karudishwa kuwa adui ndani ya matoleo matatu, hayo hayo matatu ambayo Claremont aliandika akaaga. 1993 anamnyofoa Wolverine chuma chote kilichofunika mifupa yake, na hiyo kila mtu anaikumbuka, ila muulize mtu alikuwa anataka nini siku hiyo, wengi wanapiga kimya. Morrison akaenda mbali zaidi, akamfanya mzee mlevi wa dawa anayepeleka watu kwenye matanuru New York, mtu wa Auschwitz huyo huyo, na ilikera mpaka Marvel wenyewe wakaja kusema huyo hakuwa Magneto halisi. Mi naona Morrison alijua anachofanya, alikuwa anasema bango la Magneto kwenye fulana limekuwa kubwa kuliko Magneto mwenyewe, ila naelewa waliokasirika. Kwenye House of X ya 2019 kavaa nyeupe, anawatembeza mabalozi wa nchi za watu, anaongea kama kiongozi wa taifa, na hujui umshangilie au uogope. Ukimaliza huo mstari tu, hujagusa mhusika mwingine, tayari una nusu ya jibu lako.

(Ukitaka mwingine mfuate Jean Grey. Mwaka 1964 kwenye namba 3 kuna paneli (kisanduku cha picha) ambapo Profesa Xavier, mwalimu wake, anawaza moyoni kwamba anampenda. Mwalimu! Na yule binti ni mwanafunzi. Wakaiacha wakaendelea kama haikutokea.)

Kitu kingine wengi wanaruka, angalia kitabu kilikuwa kinauzwaje. Za 1963 zilikuwa senti 12 na zinatoka kila baada ya miezi miwili, mtoto ananunua kwa muuza magazeti, toleo lililopita pengine hakulipata kabisa, na duka maalumu la komiki la kwenda kulitafuta hana. Ndo maana kila toleo mashujaa wanajitambulisha upya na kueleza nguvu zao wakiwa katikati ya ngumi. Ukisoma matoleo kumi mfululizo kwenye kitabu cha mkusanyo inakera vibaya sana, ila hayakutengenezwa usome hivyo. Kwa hiyo hizo za zamani na za Claremont soma moja kwa siku, au moja kwa wiki ukiweza. Kinyume chake, za kuanzia miaka ya 2000 nyingi zimeandikwa zikijua kwamba matoleo matano au sita yatafungwa kuwa kitabu, ukisoma moja peke yake unaona hakuna kilichotokea, watu wamekaa wameangaliana. Zisome kwa mkupuo. Ukisoma enzi zote kwa mwendo mmoja unakuwa umeshaonea upande mmoja kabla ya kufungua mdomo.

Na mtu akikuletea mauzo kama ushahidi kuwa makini. X-Men namba 1 ya 1991 ilitoa nakala zaidi ya milioni 8, iko kwenye rekodi za Guinness, ila ilikuwa na kava tano tofauti, maduka yalinunua kwa mafungu na watu walikuwa wananunua kadhaa wakidhani wataziuza wawe matajiri. Hizo milioni 8 ni nakala, sio wasomaji. Na kwa sababu kila mtu anayo, haikumtajirisha mtu.

Kwenye picha na maneno kuna jaribio moja naipenda. Chukua ukurasa wowote, ziba maneno yote kwa vipande vya karatasi, uone kama unaelewa kinachotokea. Alafu fanya kinyume, ziba picha usome maneno tu. Kirby utaelewa bila maneno, na sio ajabu, pale Marvel mchoraji alikuwa anachora hadithi kwanza ndo maneno yanakuja kuwekwa, kwa hiyo ukisema "hadithi za Stan Lee" umeshamnyima Kirby haki yake. Hapo ndo miaka ya 60 inarudisha heshima niliyoisema, na ukifika matoleo ya Neal Adams ya 1969 paneli zimepinda, zinakatiza ukurasa mzima, unashangaa kitabu kama hicho kilikuwa kinakaribia kusimamishwa. Claremont ukiziba picha bado unaelewa karibu kila kitu maana alikuwa anaeleza mpaka kile ambacho jicho linaona, maneno yamejaa mpaka unamhurumia Tom Orzechowski aliyekuwa anaziandika zile herufi. Za 2000 viputo vya mawazo vimeondoka kabisa, na Krakoa ikaleta kurasa nzima za michoro na takwimu kama ripoti ya ofisi. Kuna wanaozipenda. Mimi nusu yake nimeruka.

Ukifika hapo andika mawazo yako kabla hujaenda kubishana. Mimi nilipofanya hivi kwa mara ya kwanza nilikuwa na uhakika 90 itashinda, ikaja ya nne. Claremont akachukua, ila kwa sababu ya zile 183 zake na sio kwa sababu ya Phoenix, na Morrison akawa karibu sana kwa matoleo machache kuliko wote.

Hii iliyoanza 2024 baada ya Krakoa usiipe nafasi bado, iache itembee. Ila kama unataka kuanza mazoezi leo, chukua namba 1 ya 1963 na namba 1 ya 2024 uzisome siku moja. Ya kwanza Xavier yuko kwenye kiti cha magurudumu anaongoza shule na Magneto anaruka angani. Kwenye enzi ya hiyo ya pili shule imegeuzwa jela, Xavier yumo ndani kafungwa, na aliyekaa kwenye kiti ni Magneto.