Somo: Kuyazuru makasri ya Unguja kwa baiskeli, Maruhubi hadi Kidichi

Wanachama, salamu. Wageni wengi, hata wenyeji, huyaona makasri ya Unguja kwa dirisha la gari: unashushwa, unapiga picha, unapakiwa tena. Nawasihi mchukue baiskeli. Masultani walijenga pale penye maji na upepo, na mambo hayo mawili hayaonekani ndani ya gari lenye kiyoyozi. Ukiwa juu ya tandiko, mwili wenyewe unakueleza kwa nini nyumba imewekwa hapa na si pale.

Hatua ya 1: Baiskeli na wakati

Kodi baiskeli Mji Mkongwe jioni ya kuamkia safari, uijaribu hapo hapo. Bana breki huku unaisukuma. Gurudumu likiendelea kuzunguka, irudishe. Breki ni muhimu kuliko gia, maana kutoka Kidichi ni mteremko. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu, kufuli na maji. Toka baada ya sala ya alfajiri, kabla daladala za Bububu hazijachachamaa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, acha. Mimi napenda miezi ya Juni hadi Septemba: jua limepoa, na upepo wa kusi unakusukuma mgongoni ukielekea kaskazini. Upepo wa kaskazi ukivuma, kwenda ni kazi na kurudi ni raha.

Hatua ya 2: Maruhubi

Pitia Malindi, shika barabara ya Bububu, kaa kushoto. Makasri ya pwani yako upande wa bahari, yaani kushoto kwako, kwa hiyo huna haja ya kukata barabara. Baada ya kama kilomita 4 utafika Maruhubi. Kasri hili Sultani Sayyid Barghash alilijenga kati ya 1880 na 1882 kwa ajili ya masuria wake. Moto wa 1899 uliteketeza ghorofa ya juu, iliyokuwa ya mbao, na zikabaki nguzo nene za mawe zilizoibeba. Usiishie kwenye nguzo. Zunguka uone hamamu, yaani nyumba ya kuogea, kisha mfereji wa maji ulioinuliwa juu ya nguzo zake, na birika lenye mayungiyungi. Pale chokaa ilipobanduka, inama utazame jiwe lenyewe: ni tumbawe, na vijishimo vyake vidogo bado vimejipanga kama vilivyokuwa baharini.

Hatua ya 3: Mtoni

Endelea kidogo tu, ukatie kushoto tena. Hapa kaa. Mtoni ndilo kasri kongwe kuliko yote yaliyobaki Unguja. Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar na baba yake Barghash, alilijenga mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa 1830, alipokuwa akihamishia makao yake kutoka Oman. Bibi Salme, binti yake, alizaliwa humu mwaka 1844. Baadaye, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika alivyoukumbuka ua wa nyumba hii: tausi, paa, mbuni, flamingo na kanga wakitembea huru, na mwisho wa ua safu ya hamamu. Ufukweni palikuwa na banda kubwa la duara, la mbao, ambamo baba yake alitembea huku na huku akiwa amezama katika fikra, akichechemea kwa jeraha la vita la zamani.

Sasa tafuta maji. Kijito kilichoipa Mtoni jina lake ndicho kilicholisha mabirika na bustani kabla ya kumwagika baharini. Funga baiskeli, ingia uani kwa miguu, simama katikati ya kuta. Utasikia upepo ukiingia kutoka upande wa bahari. Nyumba yote ilielekezwa kuupokea. Na tukumbuke wote waliokuwamo. Walioteka maji, waliopika na waliofagia ua huu walikuwa watumwa, na majina yao hayakuandikwa.

Hatua ya 4: Bububu na kupanda Kidichi

Ukipita Kibweni weka kamera mfukoni, pana jumba la Serikali. Bububu ni kama kilomita 10 kutoka mjini. Chemchemi za upande huu ndizo Barghash alizozitumia kupeleka maji safi Mji Mkongwe. Hapo unakata kulia: shuka, vuka kwa miguu ukiwa umeikamata baiskeli, kisha uanze kupanda. Hewa inabadilika, mikarafuu na minazi inaanza. Sehemu kubwa ya utajiri wa makasri uliyoyaona ilitoka mashamba kama haya, kwa jasho la watumwa.

Hamamu ya Kidichi Sayyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, bibi aliyependa kupanda farasi na kuwinda. Baadaye waliachana, akarudi kwao. Kwa nje ni kuba nyeupe tupu, na wengi hukata tamaa mlangoni. Ingia. Kuta zimenakshiwa kwa plasta: ndege, maua, mitende. Nakshi za ndege ni nadra sana katika majengo ya zamani ya Unguja, na hizi ni kazi ya mtindo wa Kiajemi. Ngoja macho yazoee kiza kabla ya kupiga picha.

Hatua ya 5: Kurudi

Kunywa dafu, kaza kofia, teremka ukibana breki kidogo kidogo, si kwa mkupuo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali (Tanga):* Kaka, baiskeli yangu haina gia, ni ile ya karia. Nitaiweza Kidichi?

*Jibu:* Utaiweza, ndugu yangu. Wakulima wa huko hupanda na mzigo juu. Kipande chenye mwinuko mkali sukuma kwa miguu.

*Swali (Nairobi):* Nina mtoto wa miaka 9. Barabara ya Bububu ni salama kwake?

*Jibu:* Hapana, nisikufiche. Magari ni mengi na ukingo ni mwembamba. Kodi gari lenye karia juu, pakia baiskeli mpaka Bububu, mzungukie Kidichi na njia za mashambani. Mtoni mwende kwa gari.

*Swali (Muscat):* Je, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, iingie kwenye safari hii?

*Jibu:* Itazame kwa nje unapoanzia Forodhani. Barghash aliijenga 1883, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Roho inaniuma kila nikipita. Yaliyosimama tuyatembelee na tuyalipie kiingilio bila kunung'unika.

*Swali (Pemba):* Mimi navaa baibui. Naogopa kunaswa na mnyororo.

*Jibu:* Dada, omba baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, na hakikisha ina kifuniko cha mnyororo. Gurudumu la nyuma nalo liwe na wavu pembeni; wasipokuwa nao, fundi atakufungia wa kamba. Pindo la baibui libane kwa pini juu ya kifundo cha mguu, na ndani vaa suruali pana. Mtandio uchomeke, usining'inie nyuma. Pale Mtoni na Kidichi shusha pindo kabla ya kuingia, maana sakafu haziko sawa na ni rahisi kujikwaa.