Somo: Kuchaji Nissan Leaf nyumbani Dar, na gharama zake bila chumvi

Wakuu, nikifungua inboksi nakuta swali lilelile: "Leaf inakula umeme wa shilingi ngapi?" Naandika mara moja tu, atakayeuliza tena namrushia hii. Naongelea Leaf, gari la umeme mtupu, za mtumba kutoka Japani, zenye betri ya 24, 30 au 40 kWh (kWh moja ndiyo uniti moja ya umeme), mtu anachaji kwake kwa LUKU, mita ya kulipia kabla.

1. Jua uko tarifu gani, yaani kundi gani la bei ya umeme. Nunua umeme wa 5,000, lakini usiwe ununuzi wa kwanza wa mwezi maana pale inakatwa na kodi ya jengo. Ukipata uniti 41 hivi uko D1, wale wa matumizi madogo, uniti moja ni kama shilingi 122 kodi zote ndani. Ukipata 14 uko T1, wale wa kawaida, uniti moja ni kama shilingi 357. Watu wanajidanganya hapahapa: wanapiga hesabu ya gari kwa 122. D1 mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, uniti moja ni shilingi 350 kabla ya kodi, ghali kuliko T1 ambayo ni 292. Na utavuka. Gari inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi inakula uniti kama 170.

2. Hesabu yenyewe. Kwa foleni zetu na AC ikiwaka, weka kilomita 6 kwa uniti moja ya kwenye mita. Kilomita 100 ni uniti 17, sawa na 6,000 hivi. Toyota IST ya petroli kwenye foleni hiyohiyo weka kilomita 12 kwa lita: lita 8 na ushee, na petroli ikicheza kwenye 3,000 ni 25,000. Bei ya mafuta badilisheni wenyewe EWURA, wasimamizi wa nishati, wakitangaza.

3. Soma kibandiko cha kebo iliyokuja na gari. Japani nyumbani wanatumia volti 100, na 200 kwa vitu vizito. Kebo ya 100V pekee usiichomeke huku, umeme wetu ni 230. Tafuta chaja ya kubebeka ya 230V yenye kichwa cha Type 1, ndicho kinachoingia kwenye Leaf, inayoruhusu kupunguza ampea.

4. Soketi. Hapa tulia usome. Pasi inavuta umeme mwingi lakini inazima na kuwaka. Gari inavuta mfululizo saa nane, saa kumi, bila kupumzika. Soketi ya ukutani ya 13A, hasa hizi za bei chee za madukani, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inaanza na plagi kuwa ya moto ukiishika, kisha plastiki inageuka rangi ya chai pembeni ya tundu la laivu, kisha harufu. Hiyo harufu naijua, na ukuta niliupaka rangi upya.

Kwa hiyo: fundi avute laini ya peke yake kutoka maini swichi, waya wa 4 mm au 6 mm kutegemea umbali, na breka yake na kinga ya mtu kupigwa shoti. Mwisho wa laini funga soketi ya bluu ya viwandani ya 16A au 32A. Ukilazimika kutumia soketi ya kawaida, shusha chaja iwe 10A, na nusu saa baada ya kuwasha kaishike plagi. Vuguvugu sawa. Ikikuunguza, chomoa. EKSTENSHENI HAPANA. Hata ile ya rafiki yako ambayo "ni nene". Na erthi, waya wa kwenda ardhini, iwe ya kweli: chaja inaipima yenyewe, isipoiona inawasha taa nyekundu na kugoma. Nyumba nyingi zina waya wa erthi unaoishia hewani. Usikubali fundi akuunganishie erthi kwenye nyutro ili "ikubali".

5. Chomeka, ukalale. Kwa 10A betri ya 24 kWh kutoka chini kabisa ni saa kumi na zaidi kidogo.

6. Sevisi: hakuna oili ya injini, plagi za injini wala mkanda wa taiming. Kuna maji ya kupozea mota na inveta, oili ya breki, tairi. Breki pedi zinadumu maana mota inasaidia kupunguza mwendo. Tairi zinaisha, gari ni nzito.

Maswali karibuni.

Mzee_wa_Kibada: Mkuu kwa hiyo full chaji ni shs ngapi?

Mleta somo: Chukua kWh za betri yako, zidisha kwa bei ya uniti ya namba 1.

Tabata_Kimanga: Nimepanga, LUKU tunachangia wapangaji wanne. Inawezekana?

Mleta somo: Inawezekana, lakini anza na kikao, si na chaja. Kama LUKU iko D1, gari yako pekee inaimaliza hiyo nafuu na wenzako wanaanza kununua uniti kwa bei ya juu bila kujua kwa nini. Mwombe mwenye nyumba ufunge sabmita, mita ndogo ya pembeni, kwenye laini ya gari, ulipe kilichosomeka pamoja na tofauti ya bei uliyowasababishia. Ukificha, utajulikana mwezi wa kwanza.

BossLadyMbezi: Mimi nachaji kupitia fridge guard, kile kidude cha kulinda friji umeme ukiyumba, mwezi sasa, haina shida. Unatisha watu.

Mleta somo: Geuza hicho kidude usome kimeandikwa ampea ngapi. Nyingi ni 5. Ukishasoma urudi.

BossLadyMbezi: Imeandikwa 5A 😐

Mleta somo: Chomoa leo, dada.

Jua_la_Utosini: Nina wazo la sola. Gari inashinda nyumbani, natoka jioni tu. Paneli ngapi zitatosha?

Mleta somo: Swali zuri. Paneli sita za wati 550 ni 3.3 kW kwenye karatasi. Siku ya jua zuri Dar zikupe uniti 13 hivi, kilomita 78 hivi. Chaja iweke 10A, ni kama 2.3 kW, basi inveta isiwe chini ya 3 kW, na friji na pampu uziongezee juu yake. Angalia jambo moja: inveta nyingi hazijaunganisha nyutro na erthi upande wa kutoa umeme, chaja itadhani hakuna erthi na kugoma. Muunganiko huo unafanywa kwenye inveta, sehemu moja tu, na fundi anayejua. Si ule niliokataza namba 4, ule ni wa kwenye soketi.

Jua_la_Utosini: Asante sana. Na muuzaji akisema betri ina vibao 12 vyote, vile vya afya ya betri kwenye dashibodi?

Mleta somo: Vibao vinaweza kurudishwa kwa mashine, dashibodi ikaonekana mpya. Pima kwa LeafSpy, programu ya simu, na kidude cha OBD2 cha kuchomeka kwenye gari, lakini nayo inasoma kompyuta hiyohiyo. Uhakika ni kuiendesha: ijaze, tembea mpaka ibaki kidogo, uone kilomita. Leaf haipozi betri kwa maji, joto la kwetu linaichosha. Usiiache imejaa 100% juani siku nzima.

Mkoani_Bado: Naenda nayo Moro?

Mleta somo: Karibu kilomita 190. 24 kWh sahau. 40 yenye afya utafika, ila panga kwanza utachaji wapi. Tundu lake la haraka ni CHAdeMO, chaja za magari ya Kichina ni GB/T, haziingiliani.

Mama_Wawili_Goba: Yangu jana imekataa kuwaka kabisa, taa zinapepesa, na betri kubwa ina 70%. Menyu yote Kijapani.

Mleta somo: Ni betri ndogo ya volti 12 ya mbele, ile ya kawaida. Ikichoka, kompyuta haziamki hata kubwa ikiwa imejaa. Ipimwe, ikibidi nunua mpya. Menyu elekezea kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, ukipata ukurasa wa saa ya kuchaji piga picha uihifadhi.