Kutu ya Ngano: Ijue kwa Kidole Kabla ya Kubeba Pampu

Ingia shambani na kitambaa cheupe. Mimi hubeba leso kuukuu, na kila Jumamosi asubuhi napita katika ngano yangu hapa Mau Narok nikipangusa majani. Jani lenye njaa ya mbolea nalo huwa la manjano, lakini halipaki rangi. Kutu, ugonjwa wa kuvu, hupaka.

Leso ikipata manjano ya bizari, na vipele vimejipanga mistari kufuata urefu wa jani, hiyo ni kutu ya manjano. Inapenda baridi, kwa hiyo huku milimani tunaifahamu sana. Kwenye miche michanga vipele hutawanyika tu, usingoje mistari. Vipele vidogo vya mviringo, rangi ya chungwa iliyokolea, vimetapakaa juu ya jani: kutu ya majani.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Piga magoti, tenganisha mabua, pitisha kidole kutoka chini kwenda juu. Likikwaruza, tazama: vipele virefu vya rangi ya tofali, ngozi ya bua imechanika kandokando. Hiyo ni kutu ya shina; mbari yake kali, Ug99, iligunduliwa Uganda mwaka 1998. Mwaka 2015 nilipanda Robin, mbegu iliyotolewa 2011 kwa kuistahimili, nikaacha kukagua. Kumbe mwaka 2014 Kenya ilikuwa imeshaonekana mbari nyingine ya kuvu hiyo, inayoishinda kinga ya Robin. Niliporudi shambani mabua yalinivunjikia mkononi, na punje zilikuwa nyembamba kama mbegu za nyasi. Tangu hapo hakuna mbegu ninayoiamini bila kuipangusa.

Ukiikuta kwenye bua, usingoje Jumamosi nyingine. Wiki moja au mbili zinatosha kutoa vipele vipya. Mpigie afisa wa kilimo siku hiyohiyo, nyunyiza dawa ya ukungu iliyosajiliwa kwa ngano, kwa kipimo cha kibandiko. Lilinde hasa jani la juu kabisa, ndilo linalojaza punje. Bua lililokwisha kuliwa halirudi.

Baada ya mavuno ng'oa maotea yote, yaani ngano iliyojiotea yenyewe, maana kuvu hii hujilisha kwa mmea ulio hai. Wala usimlaumu jirani mwenye mahindi: kutu ya mahindi ni kuvu nyingine, haishiki ngano, maharagwe na kahawa nayo yana kutu zake. Jirani wa kumpigia simu ni yule mwenye ngano upande unakotoka upepo.