Kupima msimbo wa M-Pesa bila kutuma hata shilingi

Juzi niliketi na mwenzangu mgeni ofisini, hapa Ngong Road. Majaribio yake yalikuwa yanagoma kila bando likiisha, maana kila moja lilikwenda hadi Daraja, API ya M-Pesa (njia ambayo programu huzungumza nayo), kuomba STK, lile dirisha la PIN linalojitokeza kwenye simu ya mteja. Tuliyatenga na mtandao hivi, kwa Python. Lango humu ni klasi inayozungumza na Daraja.

1. Lango lipokelewe mlangoni, lisiundwe ndani

```python
class Duka:
    def __init__(self, lango):
        self.lango = lango

    def omba_malipo(self, simu, kiasi):
        jibu = self.lango.omba_stk(simu, kiasi)
        return jibu["ResponseCode"] == "0"
```

Huko ndiko kudunga tegemezi: klasi hupewa kutoka nje kile inachokitegemea. Wapo wanaoleta fremuweki nzima kwa kazi hii. Mimi `__init__` yanitosha.

2. Mpe lango bandia

```python
lango = create_autospec(LangoDaraja, instance=True)
lango.omba_stk.return_value = jibu_la_faili
assert Duka(lango).omba_malipo(simu, 50)
```

`jibu_la_faili` ni jibu la Daraja lililohifadhiwa kwenye faili, tutalifikia hatua ya 3. `create_autospec` huiga lango halisi na kukubali majina yaliyomo humo tu; imo ndani ya `unittest.mock`, huna cha kusakinisha. `Mock` tupu siitaki: hukubali jina lolote. Badilisha jina la `omba_stk` kwenye lango halisi, jaribio litaendelea kupita kana kwamba hakuna kitu.

3. Jibu bandia lifanane na la kweli

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Niliandika `ResponseCode` kwa kukisia: `0`, namba. Daraja hurudisha `"0"`, maandishi. Msimbo wangu nao ulilinganisha na namba, kwa hiyo majaribio yote yakawa kijani. Wateja walipoanza, kila ombi likaonekana limekataliwa, nao wakabonyeza Lipa tena na tena.

Usikimbilie kugeuza kila kitu kuwa maandishi. `ResultCode`, inayokuja baadaye kwenye kolbeki, ujumbe wa matokeo ambao Daraja hukutumia, ni namba. Na hiyo `"0"` ya mwanzo husema ombi limepokelewa tu, pesa bado. Ndiyo maana mbinu yangu haiitwi `lipisha` tena.

Siku hizi nanakili majibu halisi kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja hadi kwenye faili za JSON, nikifuta namba za simu kwanza. Weka pia kolbeki za 1032, mteja ameghairi, na 1, salio halitoshi. Hizo huja kila siku.

4. Zima Wi-Fi, endesha `pytest`

Likianguka jaribio lolote, bado kuna mahali lango linaundwa ndani. Jaribio moja liache liende Daraja kwelikweli, ila liendeshe usiku, peke yake.