Jinsi ya kuwashirikisha WAVIU kuboresha kliniki ya CTC

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Mwaka 1994, huko Paris, nchi 42 zilisaini azimio la kuwashirikisha zaidi watu wanaoishi na VVU (WAVIU) katika mambo yanayowahusu. Kituoni kwenu azimio hilo linaanza hivi.

1. Waite kabla hujaamua. Ukiwaita ratiba mpya ikiwa imeshabandikwa ukutani, watapiga makofi na kwenda zao. Nenda na swali moja: ni kitu gani hapa kinakufanya usitamani kurudi?

2. Chagua watu kwa uangalifu. Anza na WAVIU washauri, yaani wale wanaowasaidia wenzao kliniki, na Konga, yaani mtandao wa WAVIU wa wilaya, ila usiishie kwao, maana wao wameshatuzoea. Mtafute aliyeacha dawa kisha akarudi. Mtafute kijana aliyezaliwa na VVU. Ongea na kila mmoja peke yake chumbani, usimwite koridoni. Muulize kama anaweza kupigiwa simu, saa ngapi, na nani mwingine huishika. Wapo ambao wenza wao hawajui. Hata karatasi ya mahudhurio isiandikwe neno VVU juu yake.

3. Toa nauli mkononi kabla ya kikao kuanza. Kuna aliyeacha kibarua cha siku nzima ili aje.

4. Tembeeni pamoja. Hatua hii ndiyo iliyonifundisha kuliko zote. Anzeni getini, mpite mapokezi, benchi, chumba cha daktari, mpaka dirisha la dawa, na wao ndio waongoze. Tulipofika dirishani, mama mmoja alitoa chupa ya vidonge 90, akaitikisa sikioni kwangu. "Sista, unasikia? Kwenye daladala inalia hivi hivi mpaka nyumbani."

Sisi tulifurahi kwamba dawa za miezi mitatu zimewapunguzia safari, kumbe chupa yenyewe inawatangaza. Wenzake wakakiri kuwa huhamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni, ambako unyevu huviharibu. Siku hizi anayetoa dawa humweleza mgonjwa aache vidonge kwenye chupa yake, kisha aiviringishe kwenye khanga ndani ya mkoba. Benchi nalo tuligeuza, maana lilitazama njia ya wajawazito. Hatukutumia hata shilingi.

5. Rudisha majibu ndani ya mwezi mmoja. Yaandike kwa mafungu matatu: yaliyofanyika, yatakayofanyika na tarehe yake, yasiyowezekana na sababu yake. Walituomba mhudumu wa pili wa maabara. Kuajiri si mamlaka ya kituo, tukawaambia hivyo waziwazi na kuwaonyesha barua tuliyoiandikia halmashauri. Usiwafiche jambo kama hilo.

6. Kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kusoma majibu hayo, na asome mmoja wao.